Nyigu wa Bwana Tukutuku

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa Mdachi amekwisha kuketi bomani Morogoro na kiboko chake ukutani, kulikuwa na mashine moja tu kutoka Kiroka mpaka Matombo, na ilipougua tuliugua nayo watu wote. Ninyi wenzangu mliobaki, ambao magoti huwalia mkiinuka mkekani, mtanielewa. Hawa wajukuu wetu wa suruali za bugaluu hawataelewa. Wao pikipiki ikikohoa mara moja huilaza chini, huipasua tumbo, hutandaza vyuma juu ya gunia, halafu ndipo huanza kuulizana ilikuwa inaumwa nini. Wakishaifunga, vyuma viwili hubaki nje, nao hukwambia bila aibu kwamba vile havikuwa na kazi.

Sisi hatukuiita pikipiki. Tuliiita tukutuku, kwa sababu ndivyo ilivyosema yenyewe, na mwenyewe tukamwita Bwana Tukutuku. Jina lake la Kidachi lilikuwa refu na lenye miiba, hata askari wake hawakuliweza. Alikuwa mrefu, mwekundu wa shingo, na kazi yake ilikuwa kupima barabara ya kupanda milimani kwenda Matombo. Alijengewa nyumba ya mabati Mkuyuni, ng'ambo ya pili ya kijito, nasi watoto tulikuwa tukikaa kwenye majani kumtazama akinywa chai kama watu wanaotazama ngoma. Kiswahili alikijua, ila alikisema kama mtu anayepasua kuni: kila neno lilianguka peke yake, na ulikaa mbali usije ukarukiwa na kibanzi.

Maisha yetu yalikuwa ya kawaida. Asubuhi tulikula magimbi ya jana yaliyopashwa kwenye majivu, mchana tulicheza mdako mpaka vidole vikachubuka, na wavulana wachache waliochukuliwa shule walirudi wakituimbia hesabu kwa majivuno, ingawa nyumbani walikuwa bado wanatumwa kuchunga mbuzi. Mama yangu, Binti Kondo, alikuwa anauza mafuta ya ufuta kwenye gulio la Mkuyuni. Nyumba yetu ilinuka ufuta uliokaangwa, nguo zetu zilinuka ufuta, na mimi mwenyewe, Zuhura, nilinuka ufuta kiasi kwamba paka wa jirani alinifuata kila nilikokwenda. Mafuta aliyaweka kwenye debe lililotobolewa matundu mawili juu, moja la kumiminia, moja dogo la hewa. Kazi yangu gulioni ilikuwa kuziba lile dogo kwa kidole gumba. Mama akisema "acha," nilitoa kidole, mafuta yakatiririka. Akisema "basi," niliziba, yakagugumia kidogo, yakakoma. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ya gulio hayo mawili yalimtosha toka asubuhi mpaka jua lipinde.

Mdogo wake mama, Mjomba Kibwana, ndiye aliyekuwa mtunza tukutuku. Na Waluguru mnajua, mjomba kwetu si mtu wa kuja kula na kuondoka. Mjomba ndiye mwenye watoto. Mjomba Kibwana alijivunia kazi ile kupita kiasi. Ilikuwa mashine nyeusi yenye mkanda wa ngozi, na makanyagio kama ya baiskeli ya kuiamshia. Tangi lake la petroli lilikuwa refu, limelala juu ya injini, na mdomo wake ulifungwa kwa kifuniko cha shaba chenye ukubwa wa kisahani cha kahawa. Bwana alitaka kifuniko kile king'ae mpaka aone sharubu zake ndani yake. Kila asubuhi alikipangusa kwa kitambaa cheupe, kisha akakitazama kitambaa, kisha akamtazama Mjomba. Kwa hiyo Mjomba akabuni ufundi wake mwenyewe wa kukisugua. Jioni alipitia jikoni kwetu, akachota kitu akakifunga kwenye jani la mgomba, akaenda zake. Hatukumwuliza. Shaba ikawa inawaka kama jua linalochomoza kutoka tumboni mwa mashine, na Bwana akaacha kumtazama.

Ugonjwa ulianza masika yalipokwisha. Tukutuku iliondoka nyumbani kwa Bwana ikiwa na furaha, ikavuka kijito, ikaanza kupanda. Ilipofika nyumba ya mwisho, ambayo ni yetu, ikaanza kusita. Ilishika, ikaacha, ikashika, ikaacha. Ikapiga chafya mbili tatu kupitia kwenye kabureta, chafya za moto kabisa, mpaka kuku wetu wakakimbilia chini ya ghala. Halafu ikazimika. Bwana akashuka, akafungua kifuniko, akaweka jicho kwenye tundu la tangi, akaona petroli imejaa tele. Akafunga. Akatukana Kidachi. Akakanyaga makanyagio, tukutuku ikaamka kama haikuwa imeugua kamwe, ikapanda mlima ikiimba. Baada ya mwendo ule ule, tukasikia tena kule juu: kusita, chafya, kimya.

Ilikuwa hivyo kila siku. Na hapa wenzangu msicheke mapema, maana kila mtu mwenye akili katika wilaya ile aliliona jambo hilo kwa macho yake mawili, na kila mmoja akapata jibu lake.

Wa kwanza kupata jibu alikuwa Bwana mwenyewe. Alisema petroli ina maji. Petroli ilikuja kwa treni mpaka Morogoro, na kutoka hapo ililetwa mabegani, madebe mawili kwenye mti. Mchukuzi wake alikuwa mtu wa milimani aitwaye Mkude, Mkristo wa misheni, mkulima wa kabichi, mpole hata mbwa hawakumbwekea. Bwana alisema Mkude amekunywa petroli njiani na kujazia maji ya mto. Mkude alijibu, kwa adabu, kwamba petroli hainyweki. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la pili. Akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, mbele ya nyumba ya mabati, na askari akihesabu kwa sauti kama wale wavulana wa shule. Kesho yake Bwana akafungua debe jipya lililoletwa na mchukuzi mwingine, akalinusa, akaridhika, akapanda. Tukutuku ikazimika mbele ya nyumba yetu.

Hakuna aliyekwenda kumwambia Mkude kwamba yale maji hayakuwapo.

Sisi watoto tuliufanya mchezo. Mmoja alikuwa tukutuku, anakimbia akitoa mlio na mate. Mmoja alikuwa Bwana, amejichora sharubu kwa mkaa. Mmoja alikuwa askari. Tulikosana kila siku kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa Mkude, na mwishowe tulimlaza mtoto mdogo kuliko wote. Mama alitukuta. Hakunipiga. Alinishika sikio akaniuliza kama ninajua mgongo wa mtu unachukua siku ngapi kupona. Nikasema sijui. Akasema, "Basi usiucheze." Tangu hapo nilikuwa nikikaa pembeni wenzangu wakicheza, na nilijiona mtu mzima sana.

Wa pili alikuwa Akida. Mtu huyu aliletwa kutoka pwani kuja kututawala, akaja na kanzu nyeupe saba na dharau ya kutosha kugawa kwa kila nyumba. Yeye alisema mlima ule una mwenyewe, na mwenyewe hajapewa chake. Alitaka mbuzi mweusi asiye na doa. Mbuzi akapatikana, bila shaka kwa mtu asiyetaka kumtoa, akachinjwa pale pale mashine ilipokuwa ikizimika, na Akida akasoma maneno ambayo wazee wetu hawakutambua ni ya dini gani. Bwana, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakuamini ushenzi, alisimama kando akitazama saa yake. Walipomaliza, akafungua kifuniko kuona petroli, akafunga, akaamsha. Ikawaka mara moja. Akida akageuka kututazama sote, mmoja mmoja, kama mtu aliyetuumba. Hajamaliza kutuzungukia, tukasikia chafya kule kwenye kona ya pili. Alisema mbuzi alikuwa na doa ambalo mwenye mbuzi alilificha. Mwenye mlima hakula hata kwato. Nyama yote iliingia kwa Akida.

Wa tatu alikuwa fundi wa reli, Mdachi mfupi mwenye sanduku la spana lililobebwa na watu wawili. Huyu, nawaambia, angekuwa babu yao hawa vijana wa leo. Kabla hajauliza swali, alikuwa amekwisha kung'oa kabureta. Alifungua kila kilichofunguka. Alipuliza mabomba kwa mdomo mpaka mashavu yakawa ya zambarau, akabadilisha plagi, akasugua vyuma vidogo ambavyo Mjomba Kibwana alivishika kwenye kiganja kama mayai ya njiwa. Siku tatu. Kisha akaisimamisha tukutuku kwenye kigogo nyuma ya nyumba, tangi likiwa wazi ili aone petroli inavyoshuka, akaiwasha, ikanguruma toka asubuhi mpaka adhuhuri bila kukosea hata pigo moja. Akanawa mikono. Bwana akarudisha kifuniko, akapanda mlima, na ikazimika mbele ya nyumba yetu, mahali pake pa siku zote. Fundi aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akamwambia Bwana kwamba injini ni nzima kabisa, mbovu ni mlima. Akafunga sanduku lake, akarudi Morogoro.

Baada ya wataalamu hao watatu kushindwa, ikabaki jibu moja. Kama si petroli, si mzimu, na si mashine, basi ni mtu. Na mtu aliyelala karibu na mashine ile kuliko wote alikuwa Mjomba Kibwana. Akida ndiye aliyelipeleka neno hilo. Alisema huyu kijana ana kinyongo, kwamba shamba la mama yake lilikatwa na barabara, jambo ambalo lilikuwa kweli, lakini mashamba ya watu arobaini yalikatwa na barabara. Bwana akampa Mjomba siku mpaka gulio. Siku hiyo atapanda mlima mbele ya watu wote. Ikizimika, hamsa ishirini, na baada ya hapo mnyororo, akachimbe barabara na wafungwa.

Mjomba hakukimbia. Wengi walimshauri akimbilie ng'ambo ya mlima, kwa watu wa ukoo. Alisema akikimbia watamchukua mama yake badala yake, na alisema hivyo akiwa anakisugua kile kifuniko, maana kesho Bwana angekipangusa tena kwa kitambaa cheupe.  Mimi nilikuwa nampenda Mjomba kuliko mtu yeyote duniani isipokuwa mama, na usiku sikuwa nalala vizuri, nikiuota mgongo wa Mkude umevikwa kichwa cha Mjomba.

Siku ya gulio ilifika. Watu walikuja kutoka Kiroka, kutoka Matombo, hata watu wa Kingolwira niliwaona. Wengine walileta ndizi na kuku kwa kuuza, lakini hakuna aliyetandaza bidhaa. Walijipanga kando ya barabara kutoka kijitoni mpaka kwetu. Mama alitandaza. Aliweka debe lake mbele ya nyumba, akaniweka mimi na kidole changu kando, akakaa. Bwana akatoka na kofia yake, akapangusa kifuniko, akatazama kitambaa. Kilikuwa safi. Akaondoka.

Ilivuka kijito. Ilipanda. Nilifumba macho nikaihesabu kwa masikio: tuku, tuku, tuku. Ikasita. Nilisikia watu wote wakivuta pumzi. Ikashika, ikaacha, ikapiga chafya, ikazimika hatua kumi kutoka debe letu.

Bwana alishuka bila haraka. Sasa hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akakizungusha kifuniko kuangalia petroli, kama alivyofanya siku zote, na kilipolegea kikatoa sauti ndogo, ya hewa inayopenya mahali pembamba: psss. Labda ilikuwa ikitoka siku zote. Lakini siku zote tulikuwa tunacheka au tunapiga kelele. Siku ile watu mia tatu walikuwa kimya kwa ajili ya mgongo wa mtu mmoja, na ikasikika.

Mama akanyanyuka.

Bwana alikuwa amekwisha kumwashiria askari, na Mjomba amekwisha kuvuliwa shati. Mama akapita katikati yao, akasimama mbele ya tangi akiwa bado ameshika kijiko cha mafuta. Akida akasema kwa sauti kwamba mwanamke huyu ni dada wa mhalifu, amekuja kulia. Mama hakuwa analia.

"Bwana mkubwa," akasema, "hili tangi lako lina tundu la pili?"

Bwana akauliza tundu gani. Mama akasema tundu la hewa. Akaeleza, kwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa siku moja, kwamba debe la mafuta likiwa na tundu moja tu hutoa kidogo, kisha husita, kisha hugugumia, kisha hukataa, hata likiwa limejaa. Ukilifungua linavuta pumzi, linakubali tena kwa muda, na muda ukiisha linakataa. Akasema amelisikia tangi likivuta pumzi sasa hivi.

Bwana alicheka. Askari akacheka kwa sababu Bwana amecheka, na Akida akacheka kuwapita wote. Bwana akasema mashine hii imetengenezwa Ulaya na watu waliosoma miaka mingi, naye hapokei shauri la injini kutoka kwa muuza ufuta.

"Usipokee," mama akasema. "Panda tu mlima kifuniko kikiwa kimelegezwa. Huyu umpige ukirudi. Mgongo wake hauendi popote."

Sijui ni nini kilichomfanya akubali. Nadhani alikuwa amechoka kusukuma. Akakirudisha kifuniko bila kukikaza, akakanyaga makanyagio, akaondoka, akatuacha na askari, na Mjomba bila shati, na mama na kijiko chake.

Tukasikiliza. Ilifika kona ya kwanza. Ilifika kona ya pili, pale ilipomwumbua Akida, ikapita. Mlio ukawa mwembamba, ukaingia nyuma ya mlima, ukapotea, na hatukujua kama umepotea kwa umbali au kwa kuzimika.  Mama alikuwa ametazama chini. Niliona jasho linashuka shingoni mwake ingawa upepo wa mlimani ulikuwa wa baridi, na hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa na hakika. Muda mrefu ukapita, mrefu hata askari akakaa chini. Kisha, mbali sana, ikasikika inashuka, tuku, tuku, tuku, bila kusita, bila chafya, mpaka ikasimama mbele yetu ikinguruma.

Bwana akaizima mwenyewe. Akakitoa kifuniko, akakigeuza juani. Akasema, polepole, kwamba kweli kunapaswa kuwa na tundu dogo hapa katikati, nalo halionekani. Alimtazama Mjomba Kibwana. Mama akanyoosha mkono kama mtu anayepokea kisahani, akakichukua kifuniko, akachuma mwiba wa mndimu uliokuwa kando ya njia, akachokoa. Likadondoka donge la kijivu lenye ukubwa wa punje ya mtama. Akalisugua kati ya vidole, akalinusa. Mimi nilikuwa karibu, nikalinusa pia, nikajua. Yalikuwa majivu yaliyokandwa kwa ndimu. Yalikuwa majivu ya jiko letu. Mjomba alikuwa amekisugua kifuniko kile kwa majivu na ndimu kila jioni, mpaka kikang'aa na kuziba.

"Ni nini?" Bwana akauliza.

Mama alilipeperusha lile donge majanini.

"Nyigu, Bwana," akasema. "Wanajenga kila penye tundu."

Basi. Lilikuwa neno moja, na Mjomba akarudishiwa shati lake. Mama akarudi kwenye debe, akaniambia "acha," nikatoa kidole, maana palikuwa na mteja.

Mtadhani hadithi imekwisha. Serikali haikuachia hapo. Bwana Tukutuku alikaa siku mbili akiandika barua ndefu kwenda Dar es Salaam juu ya hatari ya nyigu wa Uluguru kwa vyombo vya moto. Kisha ikatoka amri kwamba viota vyote vya nyigu vilivyo karibu na barabara vichomwe, na msimamizi awe Akida. Tukamwona mtu mkubwa yule, kanzu imekunjwa mpaka magotini, akiongoza watu na mienge kwenda kupigana na wadudu. Kiota cha tatu kilikuwa chini ya paa la nyumba yake mwenyewe. Kwa wiki nzima hakuweza kufungua jicho la kushoto, na midomo yake ilivimba hata akawa anatoa amri kwa mikono. Sisi watoto tulipata mchezo mpya, na safari hii kila mtu alitaka kuwa nyigu. Yule fundi wa reli naye, tulisikia, aliwaambia watu Morogoro kwamba alishuku kifuniko tangu siku ya kwanza.

Mama alipewa zawadi: madebe mawili matupu ya petroli. Aliyaosha kwa mchanga, kwa majivu, kwa maji ya moto, na mafuta ya ufuta yakaendelea kunuka tukutuku mwaka mzima. Mwishowe madebe yale tuliyafugia kuku.

Mjomba alikuja kwetu jioni ile ile. Alikaa jikoni, chakula hakukigusa. Kisha akasema, "Dada, yale yalikuwa majivu." Mama akamjibu kwamba anajua, ni ya kwake. Akamwambia kitu kingine kwa sauti ya chini, na kesho yake Mjomba akaomba ruhusa, akapanda mlimani kwa Mkude. Alinichukua mimi nibebe chupa ya mafuta ya ufuta.

Tulimkuta Mkude anapalilia kabichi, ameinama upande mmoja. Mjomba alimwamkia, akakaa chini kwenye udongo, akamwambia kila kitu: majivu, ndimu, kifuniko, na kwamba nyigu hakuwapo. Alisema amekuja ili Mkude amfanye atakavyo. Mkude alisikiliza mpaka mwisho akiegemea jembe. Halafu akageuka, akainua shati, akatuonyesha mgongo wake uliokuwa bado haujaamua kupona.

"Basi huu nao kamwonyeshe nyigu wenu," akasema.

 Mjomba akalia, mtu mzima, na mimi nikalia kwa sababu Mjomba analia. Mkude alitungojea tumalize, kisha akamwita mkewe alete ndizi zilizopikwa kwa maharage, tukala wote sinia moja. Tuliposhuka, chupa ya mafuta ilibaki kwake, na Mjomba alibeba kabichi tatu ambazo hakuziomba. Kila mwezi tangu hapo alipanda kwenda kumlimia siku moja, na hakuna aliyemwamuru.

Kisha vikaja vita. Treni ikaacha kuleta petroli, na Wadachi wakaanza kurudi nyuma kupitia milima yetu wakielekea kusini. Bwana Tukutuku alifungasha siku moja asubuhi. Mashine yake hakutaka kuiacha kwa Mwingereza. Wakakamatwa watu wanne barabarani, wakaifunga kwenye miti miwili, wakaibeba mabegani kama mgonjwa, na Bwana akatembea mbele kwa miguu akiwaonyesha njia ambayo wao walizaliwa juu yake. Ilipita mbele ya nyumba yetu kimya kabisa. Tulisikia baadaye kwamba waliiangusha korongoni mbele ya Matombo, kwa makusudi au kwa uchovu, wabebaji wenyewe hawakukubaliana.

Siutamani wakati ule. Mtu asije akasema bibi huyu anamlilia Mdachi. Leo kijana akikosea anafokewa tu, na hata hilo hulipeleka kwenye kamati ya kijiji. Wajukuu wetu wanalijua kila jina la kila kipande cha injini, na barabara ile ya Matombo wanaipanda kwa muda ambao sisi tulikuwa tunatafuta maji ya kunawa uso. Mwache kijana apite, anakwenda zake, na redio imefungwa kwenye usukani.

Ila ninapokaa mlangoni jioni, huwa nawakumbuka watu mia tatu waliojipanga kando ya njia, wanyamavu, wanasikiliza kama mashine moja itafika kona ya pili. Siku hizi zinapita hapa kumi, ishirini, nyingine zinakohoa, nyingine zinapiga chafya, moja juzi ilizimika mbele yangu kabisa na mwenyewe akaanza kuipasua. Sikuona hata mtoto mmoja aliyeinua kichwa. Niliinua changu peke yangu, nikangoja kidogo, kwa mazoea tu, kisha nikarudi kuchambua mchele wangu.